Barua ya wazi: Majaribio ya tiba yapo Bagamoyo, sisi wagonjwa tunayapataje?

Kwa:
Mganga Mkuu wa Wilaya ya Bagamoyo,
Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA),
Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya,
na wakuu wa taasisi zote zinazofanya utafiti wa tiba wilayani kwetu.

YAH: WAGONJWA KUJULISHWA MAJARIBIO YA TIBA NA KUSHIRIKI KWA KUELEWA

Waheshimiwa, salaam.

Husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Magomeni, Bagamoyo, na mama wa kijana mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Sina ugomvi na utafiti. Ninachokuja nacho kwenu ni namna unavyotufikia. Niliwahi kumuuliza muuguzi wa kituo kimoja cha afya kama kuna utafiti wowote, uwe hapa au Dar es Salaam, unaowahusu watoto wenye ugonjwa wa mwanangu. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama, wakikuhitaji watakuja wenyewe." Simlaumu, maana alisema kweli tupu. Utafiti ndio unaomtafuta mtu. Mtu akitaka kuutafuta utafiti, hana pa kuanzia. Hana ubao wa kusoma wala dirisha la kuuliza, na namba ya simu ya kupiga haijui.

Tungekuwa tunaishi mahali pasipo na utafiti ningenyamaza. Lakini hii ni Bagamoyo. Kuanzia 2009 watoto wetu walikuwa miongoni mwa watoto 15,459 wa nchi saba za Afrika walioingia katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S. Kwa upande wa Tanzania kituo kingine kilikuwa Korogwe, kwa ndugu zetu wa mkoa wa Tanga. Vijana wazima wasio na maradhi walijitolea hapa kuambukizwa malaria kwa makusudi, chini ya macho ya madaktari wa Taasisi ya Afya Ifakara, ili njia hiyo iweze kutumika kupima chanjo kwa haraka, na ripoti ya kazi hiyo ikachapishwa 2014. Baadaye ikaja chanjo ya R21, iliyopimwa kwa watoto wapatao 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, na kwa Tanzania mahali penyewe ni hapa hapa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza RTS,S Oktoba 2021, na R21 Oktoba 2023.

Sasa shukeni pale ufukweni saa za mnada wa samaki, mwulizeni yeyote anayesubiri dau lishushe: chanjo ya malaria ilipimwa wapi? Wengi watawaambia Ulaya. Wachache watasema, "Kuna watu wa utafiti wanachukua damu za watoto," halafu watashusha sauti. Pwani hii ina kumbukumbu ndefu ya mumiani, wale wanaosemekana kunyonya damu za watu, na gari linaloingia kijijini alfajiri na kuondoka na kisanduku cha baridi bila mtu kuelezwa kilichomo, linazifufua hadithi hizo lenyewe. Hakuna haja ya mchochezi.

Nirudi kwa mwanangu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya nisome mambo haya. Nchini kwetu inakadiriwa kuwa kila mwaka huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, na Tanzania imo katika nchi chache zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Kwa miaka mingi dawa ya haidroksiurea ilikuwa ikitumika Marekani na Ulaya, lakini madaktari wa Afrika walisita, na kusita kwao kulikuwa na msingi: je, dawa inayoweza kupunguza chembe za damu itamfaa mtoto anayeumwa malaria mara kwa mara na asiyekula vizuri? Swali hilo halikujibiwa kwa kukisia. Lilijibiwa kwa jaribio lililofanywa kwa watoto wa Angola, Kongo, Uganda na Kenya, na kwa Kenya lilifanyika Kilifi, pwani hii hii, kwa watu tunaosikilizana nao lugha bila mkalimani. Matokeo yalichapishwa 2019. Vipindi vya maumivu makali vilipungua kwa zaidi ya nusu, na malaria, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiogopwa, nayo ikapungua kwa karibu nusu.

Mwenye mtoto wa selimundu anajua maana ya "maumivu kupungua kwa nusu". Ni usiku ambao hukandi miguu kwa maji ya moto huku ukihesabu saa za bodaboda wa kwanza. Basi mzazi kama huyo, mkimwambia kuna utafiti mahali fulani unaotafuta watoto wa aina ya wake, atakuja. Atauza kuku apate nauli. Ila kwanza ajue kwamba upo.

Mtaniambia rejesta zipo, yaani orodha za majaribio mtandaoni. Ni kweli, na nimezipitia. TMDA ina rejesta yake ya majaribio ya dawa. Ipo rejesta ya Afrika nzima, iliyo na makao yake Cape Town, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitambua mwaka 2009. Ipo na ile ya serikali ya Marekani, ClinicalTrials.gov, iliyo wazi tangu 2000; ukiandika neno Bagamoyo katika sehemu ya kutafutia, yanatoka majaribio mengi, mengine yamekwisha, mengine yanaendelea. Nawashauri wagonjwa wenzangu wanaoweza waijaribu, au wamwombe kijana mwenye bando awafungulie. Watazame mstari unaosema kama jaribio bado linapokea watu, kisha wasome masharti ya umri na ya ugonjwa, kisha waende nayo kwa daktari anayewatibu badala ya kukimbilia kwa watafiti moja kwa moja. Wajue pia kuwa jaribio kuandikwa kwenye rejesta ya Marekani si kibali cha serikali ya huko, sembuse cha kwetu. Kibali cha hapa kinatoka kwenu, TMDA na kamati za maadili.

Lakini rejesta nilizozipitia zimeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Hata mimi niliyemaliza kidato cha nne na kufanya kazi ya ukarani nilisoma ukurasa mmoja na kamusi mkononi. Bibi wa Kiwangwa anayemlea mjukuu mwenye selimundu ataisoma saa ngapi, na kwa simu ipi?

Ombi langu la kwanza ni dogo kiasi kwamba naona aibu kuliandikia barua ya wazi. Kila zahanati, kila kituo cha afya na kila ofisi ya kata ya wilaya hii ina ubao wa matangazo. Wekeni karatasi moja ya Kiswahili. Iseme utafiti gani unaendelea, unahusu ugonjwa gani, unatafuta watu wa umri gani, mwisho wa kupokea watu ni lini, umepewa kibali na nani na namba ya kibali ni ipi, na mtu apige simu wapi. Kila miezi mitatu ibandikwe mpya. Na kwa kuwa Dar es Salaam ni kilomita zisizofika 80 kutoka hapa, ongezeni na tafiti za huko zinazopokea wagonjwa wa magonjwa ya kudumu: kisukari, figo, saratani, selimundu. Malaria ina wenyewe Bagamoyo. Mgonjwa wa kisukari wa Zinga anapita mbele ya majengo ya utafiti kila mwezi akienda kuchukua dawa, na hakuna anayemwambia kama cha kumhusu kipo au hakipo. Hata jibu la "hakipo" ni jibu, linampunguzia mtu kuhangaika.

Karatasi hiyo ina faida nyingine ambayo TMDA mtaiona haraka kuliko mimi. Mitaani wapo watu wanaouza "dawa ya majaribio kutoka nje" kwa wagonjwa waliokata tamaa. Kanuni ninayowaambia wenzangu ni moja: ukiambiwa ulipe hela ili uingie kwenye jaribio, ondoka. Katika jaribio halali mshiriki halipii dawa inayojaribiwa wala vipimo vya utafiti, na nauli hurudishiwa. Kama orodha ya majaribio yenye kibali ingekuwa ukutani, kila mtu angeweza kulinganisha mwenyewe. Sasa hivi tapeli na mtafiti wa kweli wanatufikia kwa mlango mmoja: mtu asiyejulikana, amevaa vizuri, ana fomu.

Fomu hiyo nayo nina la kusema juu yake.

Niliwahi kuombwa kuwa shahidi wa jirani yangu, bibi asiyejua kusoma, mjukuu wake alipotakiwa kuingizwa kwenye utafiti mmoja. Sitautaja, maana si utafiti wenyewe ninaoulalamikia hapa. Sheria ya shahidi ni nzuri: asiyejua kusoma lazima awe na mtu wa upande wake, asiye wa upande wa watafiti, ashuhudie kuwa yaliyosomwa ndiyo yaliyoandikwa. Tukakaa kwenye kiti cha plastiki kila mmoja. Fomu ilikuwa na kurasa nyingi zilizobanwa kona kwa pini, herufi ndogo, Kiswahili cha kutafsiriwa, "mshiriki atapangwa kinasibu katika mojawapo ya makundi". Kijana akaisoma yote bila kuruka neno, nampa haki yake, lakini alisoma kama anayesoma tangazo la kifo redioni. Bibi akaitikia, "Naam, naam." Likaletwa sahani la wino, akaweka dole gumba. Njiani kurudi akaniuliza: "Hivi mwanangu, ningekataa, mjukuu wangu wangemfukuza kliniki?"

Jibu ni hapana. Kukataa hakumwondolei mtu matibabu yake ya kawaida, na hata aliyekwisha kuingia anaweza kutoka siku yoyote bila kutoa sababu. Imeandikwa kwenye fomu, na bibi alisomewa. Lakini swali la maana kuliko yote alilibeba moyoni akiwa mbele ya mwenye koti jeupe, akalitoa tulipofika kwenye mti wa mwarobaini, mbali na masikio ya mkubwa. Sisi watu wa pwani tumefunzwa adabu. Mkubwa akieleza, unaitikia. Mtafiti asiyelijua hilo atajaza kabati zima kwa madole gumba ya watu ambao hawajauliza kitu.

Kwa hiyo, Kamati ya Maadili, naomba mlifikirie jambo hili mnapopitisha tafiti. Fomu ilale nyumbani usiku mmoja, kila pale ambapo ugonjwa si wa dharura. Baba aione, shangazi aijadili, shehe au padri aulizwe kama kuna atakayetaka. Kesho yake yule mama arudi, na kabla ya kusaini aulizwe yeye: tueleze kwa maneno yako, mtoto atafanyiwa nini? Asipoweza kueleza, ridhaa haijapatikana. Na kama mnatafuta njia ya kuelezea kupangwa kwa nasibu, yaani mtu kuwekwa kundi kwa bahati kama kura, mji huu una TaSUBa, chuo kizima cha watu wanaojua kuigiza. Igizo la dakika kumi uwanjani lingefanya kazi ambayo kurasa za fomu hazijaifanya.

Maana yapo mambo ambayo yasipoelezwa vizuri yanaonekana kama udanganyifu. Katika jaribio la R21, na kwa watoto wakubwa kidogo katika lile la RTS,S, kundi la kulinganishia lilichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Mama anayesikia hilo juujuu atasema, "Wameniambia malaria, wamemchoma mwanangu sindano ya mbwa!" Ukimkalisha ukamweleza kwamba ili kujua chanjo inafanya kazi lazima kuwe na watoto wasioipata, na kwamba badala ya kuwachoma maji matupu watoto hao walipewa chanjo nyingine yenye faida, anaelewa mara moja. Wala hahitaji digrii.

Wengine wanadhani aliyewekwa kundi la kulinganishia kapunjwa. Naomba madaktari wetu wawasimulie habari ya Muheza. Hospitali Teule ya pale ilikuwa mojawapo ya vituo vya jaribio lililofanyika Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto 3,141 waliofika mahututi wakiwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki sawasawa mwilini. Kila mtu aliamini watoto wa namna ile wamiminiwe maji ya mshipani kwa kasi. Mzazi gani wa Kitanzania hataki mtoto atundikiwe dripu? Jaribio likaonyesha kinyume. Waliomiminiwa kwa kasi walikufa wengi zaidi, kama 10 au 11 katika kila 100 ndani ya saa 48, wakati katika kundi ambalo halikumiminiwa walikufa 7. Kamati huru ya usalama ilishauri kupokea watoto kusimamishwe kabla ya idadi iliyopangwa kutimia, na matokeo yakatangazwa 2011. Waliopata "kidogo" ndio waliosalimika zaidi, na hakuna aliyejua kabla. Habari hii inaeleza utafiti ni nini kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria, na ilitokea mkoa wa jirani, siyo Marekani.

Liko jambo moja ambalo watafiti hamlipendi kulisikia. Watu wengi wa kwetu huingia kwenye utafiti kwa sababu ya huduma. Mtoto akiwa mshiriki, akipata homa anaonwa siku ileile, daktari anamjua kwa jina, dawa ipo, nauli inarudi. Asiye mshiriki anakaa foleni, kisha anaandikiwa dawa akanunue duka la mtaani. Mkiwalaumu kwamba "wanafuata maslahi" mtakuwa mnawaonea. Mzazi yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Ila msiliache bila kulisema. Mwambieni wazi kwamba utafiti unajaribu kitu ambacho bado hakijulikani, kwamba dawa inaweza isimsaidie mtoto wake hata kidogo, na kwamba siku utafiti ukifungwa ile huduma nayo itafungwa. Hili la mwisho ndilo linaloacha machungu. Mtu amezoea kupigiwa simu na muuguzi kuuliza hali ya mtoto, halafu ghafla namba haipatikani. Dawa ikionekana kufaa, nani ataendelea kumpa baada ya jaribio? Jibu liwe limeandikwa kabla dole gumba halijagusa wino.

Na matokeo? Azimio la Helsinki la maadili ya utafiti, ambalo madaktari wa dunia walilianzisha 1964, linataka washiriki wapewe nafasi ya kuelezwa utafiti ulifikia wapi. Watoto wa Bagamoyo waliochomwa RTS,S sasa ni wavulana na wasichana wakubwa, wengine wamebalehe. Ni wangapi wanajua kwamba damu yao imo ndani ya uamuzi wa Shirika la Afya Duniani wa Oktoba 2021? Chanjo ile ilipoanza kutolewa kwa majaribio katika huduma za kawaida, mwaka 2019, nchi zilizochaguliwa zilikuwa Ghana, Malawi na Kenya. Sisemi ilikuwa dhuluma, maana uchaguzi ulikuwa na vigezo vyake. Nasema wazazi waliotoa watoto wao walistahili mtu aje mtaani, asimame mbele ya mkutano wa hadhara, awaambie: mlitusaidia, hiki ndicho kilichopatikana, chanjo imeanzia kule kwa sababu hizi. Ripoti zimechapishwa kwenye majarida ya London na Boston. Mwenyekiti wa kitongoji hakuletewa hata nakala ya ukurasa mmoja.

Kuhusu damu zinazosafirishwa nje na taarifa za wagonjwa sitaandika mengi, kwani sheria zipo: sampuli haitoki nchini bila mkataba wa kuihamisha uliopitishwa, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kinachokosekana ni mtu wa kutueleza hayo kwa Kiswahili cha nyumbani tukiuliza.

Mganga Mkuu wa Wilaya, wewe ndiwe tuliye naye karibu, kwa hiyo ombi la mwisho nalielekeza kwako. Teua mtu mmoja ofisini kwako, awe muuguzi au afisa yeyote, ambaye kazi yake mojawapo iwe kujibu swali nililomuuliza yule muuguzi. Asiwe mwajiriwa wa watafiti, ili mwenye malalamiko asimlalamikie mtuhumiwa. Wape wahudumu wa afya ngazi ya jamii ile karatasi ya orodha wawe nayo mfukoni, kwa sababu wao ndio wanaofika vijiji vya mbali ambako ubao wa wilaya hausomwi. Na kliniki ya selimundu itakapokuwepo, siku yake tutangaziwe mapema. Wazazi tunajuana, tutaambiana.

Nipo tayari kuisaidia kazi ya kuandika karatasi ya kwanza kwa Kiswahili kinachosomeka, bila posho. Nitakuja ofisini kwako mwanzoni mwa mwezi ujao kuulizia jibu la barua hii, nikiwa na kijana wangu kama atakuwa mzima siku hiyo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa kijana mwenye selimundu,
Magomeni, Bagamoyo.

Nakala:
Diwani wa Kata ya Magomeni
Kamati ya Usimamizi wa Kituo cha Afya
Wazazi wenzangu wenye watoto wa selimundu